Pitigliano kwa Miguu: Siku Tatu Juu ya Mwamba na Chini Yake

Kila miezi ya joto ikikaribia, maswali yanayonifikia kuhusu Pitigliano, mji mdogo wa Toscana nchini Italia, ni yale yale. Nafikaje bila gari? Siku moja inatosha? Kuna nini cha kuona zaidi ya ile picha? Ile picha ni mji wenyewe: nyumba zimebebana juu ya genge refu, rangi yake sawa na rangi ya mwamba, hata hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Nimejibu kipande kipande hadi nimechoka, kwa hiyo nayaandika yote mahali pamoja.

Nianze na jibu ambalo wengi hawapendi kulisikia. Siku moja haitoshi, ingawa mji ni mdogo kiasi cha kuuzunguka wote kwa saa mbili. Ukija asubuhi na kuondoka jioni utaona Pitigliano ya juu, ile ya maduka na vyungu vya maua. Pitigliano yenyewe iko chini: kwenye maghala yaliyochimbwa chini ya nyumba, kwenye makaburi ya Waetruski, watu walioishi hapa kabla ya Warumi, na kwenye barabara za kale zilizopasua mwamba kuelekea Sovana na Sorano, majirani zake. Huko hakuendwi kwa haraka.

Nadharia ni moja tu, ishike. Eneo hili la kusini mwa Toscana, karibu na mpaka wa Lazio, mkoa wa Roma, limekaa juu ya jiwe linaloitwa *tufo*. Ni majivu ya volkano za zamani za upande wa ziwa Bolsena yaliyogandamana yakawa mwamba. Ni jiwe laini, sururu tu inalichonga. Ndiyo maana watu wa hapa, tangu Waetruski zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, wamekuwa wakichimba kila kitu: ghala, kaburi, zizi, tundu la njiwa, barabara. Na ndiyo maana mvua ikinyesha sana, vipande hudondoka. Mambo mengine yote kwenye mwongozo huu yanatokana na hayo mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwanza karatasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Ukiwa unaishi Muscat au Dubai kwa kibali cha kazi, unaombea huko huko unakoishi. Mwenye kibali cha kukaa Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen anakuja bila viza nyingine, ila atembee na kile kibali pamoja na pasipoti.

Viatu vyenye soli ya kung'ata. Nitalirudia hili mpaka tuchoshane: sandali na raba zilizolika soli ziache chumbani.

Kisha hivi: chupa ya maji ya lita moja na nusu, koti jepesi la mvua, suruali ndefu, tochi, simu yenye ramani iliyopakuliwa kabisa, na betri ya akiba ya kuchajia. Pesa taslimu kidogo kwa tikiti za basi na vikahawa vya vijijini. Skafu au kanga ya kufunika mabega kanisani. Kanga ni bora kuliko chochote, maana utaikalia, utajifunika, na ukifika kwenye maji ya moto utajifutia.

Miezi mizuri ni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, na Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti jua huchoma, na tarehe 15 Agosti Italia nzima iko likizo. Kati ya Januari na Februari milango mingi imefungwa.

Hatua kwa hatua

1. Panga siku zako kwa kufuata milango inayofungwa. Watu hupanga kwa kufuata tiketi ya ndege, halafu wanashangaa. Makumbusho ya Kiyahudi ya Pitigliano, yaani sinagogi na vyumba vilivyo chini yake, hayafunguliwi Jumamosi kwa sababu ni Sabato. Mabasi ya Jumapili ni ya kubahatisha. Kwa hiyo anayekuja Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni amejichagulia siku mbili mbaya kuliko zote. Fika Jumatatu hadi Jumatano, lala usiku mbili au tatu.

2. Amua usafiri. Pitigliano haina treni. Kutoka Roma unapanda treni ya pwani, ile iendayo Pisa, unashuka Grosseto au Orbetello, kisha basi la kupanda bara. Ukitumia tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye kimashine cha kituoni kabla ya kupanda. Tiketi ambayo haikugongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na mkaguzi hatajali kwamba wewe ni mgeni.

Kwenye ratiba ya basi kuna mtego unaokamata karibu kila mgeni. *Feriale* haina maana ya sikukuu, ingawa inasikika hivyo. Ni siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. *Festivo* ndiyo Jumapili na sikukuu. Na ukiona *scolastico*, basi hilo linatembea siku za shule tu. Nimewahi kukaa kituoni saa tatu nzima mwezi wa Julai nikisubiri basi la wanafunzi waliokuwa wameshafunga shule wiki kadhaa nyuma.

Kwa gari ni kama saa mbili kutoka Roma: unafuata barabara ya Aurelia kando ya bahari, kisha unakata ndani. Leseni yako ya Afrika Mashariki peke yake haitoshi, unahitaji na ile ya kimataifa, na hiyo inatolewa nchini kwako. Itafute kabla ya kuondoka. Kumbuka pia huku wanaendesha upande wa kulia. Barabarani kwenye magari mengi hutasahau. Utasahau asubuhi ukitoka shambani kwenye njia tupu, ukajikuta umeshika kushoto kama uko Korogwe.

3. Acha gari nje ya mji wa kale. Ukiona bango lenye duara jekundu na maneno *zona traffico limitato*, usipite. Hakuna askari wala kizuizi, ni kamera tu. Faini inakuja kwa posta miezi kadhaa baadaye, na kampuni ya kukodisha inakukata yake juu kwa kutoa jina lako. Mimi nilifuata sauti ya simu iliyokuwa inanielekeza hadi mlango wa nyumba ya wageni. Chai ya asubuhi ile ndiyo ghali kuliko zote nilizowahi kunywa. Egesha nje, tembea. Mistari meupe ni bure, ya bluu ni ya kulipia, ya njano si yako.

4. Siku ya kwanza: juu. Kama unatokea upande wa Manciano, simama kwenye kanisa la Madonna delle Grazie kabla ya kuingia. Hapo ndipo ile picha hupigwa, na jioni jua likishuka mwamba wote unakuwa rangi ya mkate uliotoka tanuri. Dakika kumi, kisha ingia mjini.

Utapokelewa na matao ya mfereji wa maji wa karne ya 17, enzi ya akina Medici, watawala wa Toscana, na ngome ya akina Orsini, ukoo uliotawala hapa kabla yao kwa takribani miaka mia tatu. Usikae sana hapo. Shika vichochoro. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu atajisikia nyumbani: njia ya watu wawili kupishana, kuta zinazotoa ubaridi, paka juu ya ngazi, na mwisho wa kichochoro hewa tupu na bonde chini. Nenda mpaka ncha ya magharibi, mtaa wa Capisotto, karibu na lango la Sovana. Mawe makubwa ya ukuta unaoyaona hapo ni ya Waetruski. Nyumba nyingine zote ni wapangaji waliokuja baadaye.

5. Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi: sinagogi. Liko kichochoroni pembeni ya Via Zuccarelli. Lilijengwa 1598, wakati Wayahudi waliofukuzwa kwenye himaya ya Papa walipopata hifadhi kwa mabwana wa hapa. Ndiyo asili ya jina la utani la mji, Yerusalemu Ndogo. Baadaye, mwaka 1622, utawala wa Medici ukawafungia kwenye mtaa wao wa kuzuiwa. Usiishie kwenye ukumbi wa sala. Shuka chini. Kuna kisima cha kuogea cha ibada, tanuri la mikate isiyotiwa chachu, bucha, ghala la mvinyo, vyote vimechongwa ndani ya tufo. Wakati wa vita vya pili vya dunia baadhi ya familia zilijificha kwenye mapango ya mashambani, wakilishwa na wakulima jirani. Ukishapita kwenye vyumba hivyo utaelewa kwa nini kujificha ndani ya mwamba halikuwa wazo geni kwa mtu wa hapa.

Ukitoka, nunua *sfratto*. Ni kitafunwa kirefu kama fimbo, ndani kina kokwa za jozi (walnut), asali na ganda la chungwa. Jina lake maana yake ni "kufukuzwa nyumbani": askari walipita wakigonga milango kwa fimbo kuwaamuru Wayahudi wahamie mtaa ule, na wenyewe wakaigeuza fimbo kuwa kitu cha kula.

6. Usiku wa kwanza: uliza njia ziko wazi zipi. Hatua hii ni fupi na ndiyo inayorukwa zaidi. *Vie cave* (moja ikiitwa *via cava*) ni zile barabara zilizochimbwa ndani ya mwamba, na baadhi hufungwa baada ya mvua kubwa kwa hofu ya mawe kuanguka. Uliza mwenye nyumba au ofisi ya wageni: *La via cava di San Giuseppe è aperta?*, yaani njia ya San Giuseppe, ile ya kwenda Sovana, iko wazi? Ukiambiwa *chiusa*, imefungwa, na utepe ulioning'inia pale si pambo.

Muulize pia kuhusu kurudi kutoka Sovana: basi la saa ngapi, au nani wa kumpigia simu awafuate na gari.

7. Siku ya pili: Sovana kwa miguu. Hii ndiyo siku yenyewe. Ni kama kilomita 8, saa mbili na nusu hadi tatu kwa mtu asiye na haraka. Ondoka saa mbili asubuhi na maji yamejaa.

Unashuka kutoka mjini hadi bondeni, unavuka kijito, kisha unaingia kwenye via cava. Jiandae, maana picha hazisemi kweli. Kuta zinapanda pande zote mbili, mahali pengine zaidi ya mita ishirini, na mbingu inabaki kama utepe juu. Kangaga zinaning'inia, ukuta unatoa jasho, sauti ya barabara inakatika ghafla. Wataalamu hawajakubaliana Waetruski walizichimba kwa kazi gani hasa: njia ya kwenda makaburini, ya mifugo, ya maji, au yote. Utaona vijumba vidogo vya picha za watakatifu vilivyochongwa ukutani. Wenyeji waliviita vifukuza-shetani, *scacciadiavoli*, kwa sababu Wakristo wa zamani waliopita humo waliona dhahiri kwamba mahali pale palikuwa pa watu wengine kabla yao. Ukipita peke yako saa mbili na nusu asubuhi hutawacheka.

Anayepata nafasi ya kuwa hapa tarehe 19 Machi, usiku wa San Giuseppe (Mtakatifu Yosefu), atawaona wanaume wakipanda njia hiyo na mafungu ya matete yanayowaka moto mabegani hadi uwanja wa mji, wanakochoma sanamu ya majira ya baridi.

Makosa matatu ya siku hii:

– Kutembea katikati, ambako majani yaliyooza yamefunika jiwe lenye utelezi. Kanyaga pembeni, palipo pakavu.
– Kutegemea simu. Ndani ya mtaro huo mtandao hupotea na mshale wa ramani unaruka ruka. Fuata alama za rangi nyekundu na nyeupe kwenye mawe na miti.
– Kugusagusa na kuchora. Tufo inachongeka kwa funguo. Ndiyo maana majina ya wapumbavu hudumu humo.

Ukifika, Sovana ni mtaa mmoja tu wa matofali, na ni mzuri mno. Ndiyo nyumbani kwa Ildebrando, aliyekuwa Papa Gregorio wa Saba kuanzia 1073 hadi 1085. Ingia Santa Maria Maggiore uone kibanda cha mawe kilicho juu ya altare, kazi ya kabla ya mwaka 1000. Kula, pumzika, kisha nenda kwenye makaburi ya Waetruski, mwendo mfupi magharibi ya kijiji. Hapo panatozwa kiingilio. Kaburi la Ildebranda, lililogunduliwa 1924, limechongwa kama hekalu zima kutoka kwenye mwamba, na nguzo zake; limepewa jina kwa heshima ya yule Papa, ambaye hakuwa na uhusiano wowote nalo. Karibu yake kuna via cava iitwayo Cavone. Ukibaki na nguvu ya kitu kimoja tu, chagua hiyo.

8. Siku ya tatu: chagua moja kati ya mbili. Sorano, kama kilomita 9 kutoka Pitigliano, ina ngome kubwa ya Orsini ya karne ya 16, na ukiwa na gari unaongeza Vitozza, mji uliohamwa karibu na San Quirico: mapango zaidi ya mia mbili msituni, yaliyokuwa nyumba na mazizi, na ukuta uliotobolewa vijitundu vya kufugia njiwa. Watu waliishi humo hadi karne ya 18. Chukua tochi.

Au Saturnia: maji ya salfa yenye joto la nyuzi 37.5 yanayoporomoka kwenye ngazi za chokaa, bure, mahali paitwapo Cascate del Mulino. Vua mapambo ya fedha, yatageuka meusi. Usiache kitu ndani ya gari. Nenda alfajiri, kuanzia saa nne asubuhi utaoga na nusu ya Roma. Kwangu mimi Vitozza inashinda, lakini najua hamtanisikia.

9. Kula kwa saa zao. Jikoni hufungwa mchana kama saa nane na nusu, na hufunguliwa tena saa moja na nusu usiku. Maduka nayo hulala kuanzia saa saba hadi saa tisa na nusu au kumi. Kijisenti cha *coperto* kwenye bili si wizi, ni cha mkate na meza. Kwa wasiokula nguruwe: nyama ya nguruwe pori, *cinghiale*, iko kwenye nusu ya vyakula vya Maremma, yaani eneo hili, na mafuta ya nguruwe, *strutto*, hujificha kwenye unga. Sema: *Senza maiale, senza strutto, per favore.* *Acquacotta*, supu ya mboga na yai juu ya mkate, mara nyingi ni salama, lakini uliza mchuzi umetokana na nini. Na mvinyo wa kosheri (unaofuata sheria za Kiyahudi) unaouzwa hapa bado ni mvinyo, shekhe.

Ukikwama

*Njia imefungwa.* Nenda kwenye makumbusho ya wazi ya Alberto Manzi, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Saturnia: kuna makaburi, nyumba ya Kietruski iliyojengwa upya na kipande cha via cava. Manzi alikuwa yule mwalimu aliyewafundisha Waitalia wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni, na alimalizia maisha yake akiwa meya wa Pitigliano.

*Unasikia bunduki.* Msimu wa kuwinda ni kuanzia Septemba hadi mwisho wa Januari. Jumanne na Ijumaa uwindaji umekatazwa nchi nzima. Weka matembezi yako siku hizo, na siku nyingine vaa rangi inayoonekana.

*Mbwa wakubwa weupe wamekuzuia.* Ni walinzi wa kondoo. Usikimbie, usirushe jiwe, usipite katikati ya kundi. Zunguka mbali, polepole, ukiongea kwa sauti ya kawaida.

*Kupe.* Jioni kagua nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye kwapa. Mng'oe kwa kibanio kidogo karibu na ngozi, bila mafuta wala moto. Ukiona duara jekundu linalopanuka siku za baadaye, nenda kwa daktari. Nyoka wa sumu wa hapa ni wa ukoo wa kifutu lakini mdogo. Hukaa kwenye mawe yenye jua, kwa hiyo usitie mkono kwenye tundu usiloliona ndani.

*Maji yameisha.* Bomba la barabarani ni la kunywa isipokuwa limeandikwa *non potabile*.

*Mtu kaumia.* Piga 112, ni bure hata bila salio. Taja kijiji na jina la njia. Ikiwa mko ndani ya mtaro na simu haishiki, mmoja apande hadi shambani kupiga, na majeruhi asiachwe peke yake.

*Basi la mwisho limeondoka Sovana na hukupanga lolote.* Ingia baa iliyo wazi, agiza kahawa, uliza *C'è qualcuno che va a Pitigliano?* Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi kwenye gari dogo la mzee aliyekuwa amebeba ngazi na kuku wawili; mara ya pili hakuna aliyekuwa akienda, nikatembea kilomita zote 8 pembezoni mwa lami na tochi mkononi. Ndiyo maana kuna hatua ya 6.